Naomba Pampu Mara Moja

Ukiwa na ngazi, majirani watakuja kuiazima siku ya kupaka rangi, na watu hawapaki rangi nyumba kila mwaka. Ukiwa na toroli, watakuja wakati wa ujenzi. Lakini ukimiliki pampu ya maji ya kuzamisha, tena unaishi Boko, kaskazini mwa Dar es Salaam, ambako masika yakikolea vyura huingia sebuleni bila kubisha hodi, basi jua umeshakuwa ofisi ya umma. Tofauti ni kwamba ofisi za umma hufungwa jioni.

Mtaani naitwa Mama Pampu. Mwanangu wa kwanza, ambaye miaka yote nilikuwa naitwa kwa jina lake, analalamika kwamba amepokonywa mama na mashine. Baba yake hasemi kitu. Yeye ni mhasibu, na anachokijua kuhusu pampu ni bei yake. Hilo haliwazuii wanaume wa mtaa kufika getini, kunisalimia vizuri, kisha kuuliza: "Shemeji, mzee yupo? Tuna shida kidogo na pampu." Mzee hutoka, husikiliza kwa makini, huguna, halafu huja jikoni kuniuliza mimi. Namjibu, naye hurudi getini kutoa ushauri wangu kwa sauti nzito. Tumeshazoea.

Pampu yenyewe niliinunua Kariakoo. Kijana wa dukani aliniambia, "Mama, hii inatoa lita elfu kumi na tatu kwa saa, na inapandisha mita tisa." Hakusema uongo. Yote yameandikwa kwenye kibati kilichobandikwa ubavuni: wati 750, volti 230, kisha herufi Q na 13,000 yake, na herufi H na 9 yake. Alichokiacha ni kwamba mambo hayo mawili hayajawahi kukutana. Lita 13,000 unazipata pampu ikimwaga maji pale pale ilipokaa, bila kuyapandisha popote. Na ukiyapandisha mita 9, pampu itanguruma, umeme utaliwa, maji yatafika kwenye mita ya tisa na kusimama hapo yakitazama mandhari, bila kudondoka hata tone. Kazi yote ya pampu iko katikati ya herufi hizo: kadiri unavyoyapandisha, ndivyo yanavyopungua. Ukitumia mpira mwembamba kuliko mdomo wa pampu, yanapungua zaidi. Mpira ukijikunja mahali, unaweza kukaa na kunywa chai.

Aliyeumbuliwa na kibati hicho ni Mwalimu mstaafu wa nyumba ya pembeni, na nalisema hili kwa heshima zote, maana alifundisha hisabati. Ana kisima, na ana tenki juu ya mnara wa zege. Aliichukua pampu asubuhi, akairudisha jua linazama, ameibeba mikononi kwa huzuni.

"Binti yangu, hii pampu imechoka."

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Imechoka kabisa. Inalia tu, maji hayafiki."

"Mwalimu, kutoka maji yalipo kisimani hadi juu kabisa, pale mpira unapoingilia kwenye tenki, ni mita ngapi?"

Alitazama mnara wake juu ya ukuta. Akatazama chini. Midomo ikacheza. Maji kisimani yako mita tano chini ya ardhi; mnara una mita nne; tenki lenyewe lina zaidi ya mita moja na nusu, na mpira unaingilia kwa juu. Nikaona jibu linamfikia usoni. Kimya kilikuwa kirefu.

"Tatizo si pampu," alisema mwishowe. "Ni mnara. Yule fundi aliuzidisha."

Kabla ya hii, nyumbani tulikuwa na pampu ya juu, ile inayokaa ukingoni mwa kisima na kunyonya. Watu wengi wanadhani ukinunua kubwa zaidi itanyonya kutoka chini zaidi. Haitanyonya. Pampu ya juu kazi yake ni kuondoa hewa ndani ya bomba tu. Anayeyapandisha maji ni hewa hii inayotuzunguka, kwa kuyakandamiza kutoka nje, na uwezo wake unaishia kwenye mita kumi hivi, kwa matumizi ya kawaida ni saba au nane. Mwitaliano mmoja, Evangelista Torricelli, aliueleza uzito huo wa hewa tangu miaka ya 1640, ila taarifa zilikuwa hazijamfikia fundi aliyetuuzia pampu ya pili, kubwa kuliko ya kwanza, kwa kisima kile kile kirefu. Pampu ya kuzamisha haihangaiki na hayo. Yenyewe inakwenda chini yaliko maji na kuyasukuma kutoka huko. Mtu aliyekazana kuipeleka mota ya umeme chini ya visima vya mafuta, Armais Arutunoff, alizaliwa Tiflis, mji unaoitwa leo Tbilisi, mwaka 1893, akaishia kujenga kiwanda Bartlesville, Oklahoma, huko Marekani. Nikikutana na watu wa kwao nitawapa pole. Mtoto anayewaambia wazazi wake kwamba anataka kuweka umeme ndani ya kimiminika lazima aliwakosesha usingizi.

Siri ya mashine hii ni kwamba maji yanayoizunguka ndiyo yanayoipoza. Mota imefungwa ndani ya ganda, joto lake linatokea mwilini na kuchukuliwa na maji. Ikitoka nje ya maji huku inazunguka, joto halina pa kwenda. Cha kwanza kuungua ni sili, ile pete inayozuia maji yasipenye kwenye shafti kuingia ndani ya mota. Sili ikishaungua hutajua siku hiyo. Utajua siku nyingine, ukiizamisha.

Kwa sababu hiyo pampu nyingi hubebeshwa floti: kile kiputo cha plastiki kinachoning'inia kwenye waya wake. Maji yakiwa mengi kinaelea juu na kuwasha. Maji yakipungua kinalala na kuzima. Ni chombo chenye busara kuliko baadhi ya wanaoiazima pampu. Mama mwenye genge hapo kona aliichukua kukausha tenki lake la ardhini ili alisafishe. Ikafanya kazi vizuri, maji yakashuka, floti ikalala, pampu ikazima. Chini yakabaki maji ya kufika kwenye vifundo vya miguu. Akaona anaibiwa. Akachana kipande cha kanga chakavu, akaifunga floti juu kwenye mpini ili isilale tena, pampu ikawaka, naye akaenda kupokea nyanya zake.

Aliporudi palikuwa kimya, pananukia plastiki ya moto. Bahati yake, na yangu, ndani ya mota kuna kizimio kinachokata umeme joto likizidi. Akaivuta juu kwa waya (nitarudi kwenye hili la waya), akaipakata apate kuikagua. Sasa kizimio hicho kina tabia moja ambayo haijaandikwa kwenye kibati: mota ikipoa, kinaruhusu umeme upite tena. Na plagi ilikuwa bado iko ukutani, na floti bado imefungwa juu. Pampu ikanguruma mapajani mwake. Mama mwenye genge ni mtu mzito, lakini mashuhuda wanasema aliruka. Pampu ikatua kwenye beseni la nyanya na kuendelea na kazi.

"Ina jini," aliniambia jioni, akinirudishia huku ameishika kwa ncha za vidole.

Nilimweleza kwamba pampu iliyonyamaza haijazimwa. Iliyozimwa ni ile ambayo plagi yake unaiona kwa macho, nje ya soketi. Nikamweleza pia kwamba pampu hizi hazimalizi maji yote. Mdomo wake ukianza kuvuta hewa, basi. Sentimita chache za mwisho ni za kopo, ndoo na tambara. Alinisikiliza, akaitikia, na mpaka leo anawaambia wateja kwamba ina jini. Nyanya za siku ile aliziuza kama za mchuzi.

Sasa twende kwa Mjumbe.

Ilikuwa Aprili. Mvua ilianza saa tatu usiku, na ilipofika saa sita ua wa Mjumbe wetu wa shina ulikuwa umejaa hadi kizingitini. Akaja na mwavuli uliopinduka. "Mama, naomba pampu mara moja." Mara moja, huku kwetu, ni kipindi cha kati ya siku mbili na Ramadhani nzima. Lakini kwa Mjumbe huwezi kukataa. Siku ukihitaji barua ya utambulisho utaanzia kwake. Tukaenda wote: mimi, pampu, na shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, anayejitambulisha kuwa fundi wa kila kitu.

Njia fupi ya kuyatoa maji uani kwa Mjumbe ni kuyapitisha juu ya ukuta. Upande wa pili wa ukuta anaishi bwana afya mstaafu. Bwana afya naye usiku huo alikuwa amekodi pampu, na njia yake fupi ilikuwa ukuta ule ule. Mpira wake aliutupia nyuma ya migomba ya Mjumbe, gizani, ambako hakuna aliyekwenda kuangalia.

Kwa muda mrefu kila upande ulikuwa unajisifu. Pampu zote mbili zilikuwa zinafanya kazi vizuri mno. Kasoro ilikuwa moja: maji hayapungui. Mjumbe akasema mvua imezidi. Mvua ilikuwa imekatika zamani. Shemeji akasema ni maji ya chini ya ardhi yanachipuka, na hilo huku Boko si jambo la kuchekwa, maana kuna siku unachimba shimo la mti unapata kisima. Mimi nilishtushwa na povu. Mke wa Mjumbe alikuwa ameacha sabuni ya unga nje, ikasombwa, ua wao wote ukawa na povu jeupe. Nikapanda juu ya tofali, nikamulika tochi ya simu kwa bwana afya: povu. Nikamulika nyuma ya migomba: mpira unatapika povu.

Watu wazima wawili walikuwa wanapelekeana maji yale yale juu ya ukuta, LUKU zikihesabu pande zote mbili.

Kwa kawaida ugomvi wa majirani hupelekwa kwa Mjumbe. Usiku ule hakimu alikuwa ni mshitakiwa, na mlalamikaji alikuwa amemshitaki mtu kwa kosa analolifanya yeye mwenyewe kwa mita zile zile. Walitupiana maneno ya kistaarabu kuhusu afya ya jamii. Mwishowe ikakubaliwa mipira yote ielekezwe kwenye mtaro wa barabarani, kama ilivyopaswa tangu mwanzo. Mwenye pampu asiyejua maji yake yanakwenda wapi hajaondoa mafuriko, ameyahamisha tu.

Mtaro uko mbali na soketi ya Mjumbe, ikabidi kuongeza waya. Shemeji akaleta ekstensheni yake. Niliitazama chini ya tochi nikaona imeungwa katikati, na kiungo kimezungushiwa mfuko mwembamba wa plastiki na kukazwa kwa uzi. Sijui mfuko aliutoa wapi, maana mifuko ile ilipigwa marufuku Tanzania tangu Juni 1, 2019. Huenda kiungo ni cha kabla ya hapo. Kabla sijasema neno, kiungo kikazama majini, na nyumba nzima ya Mjumbe ikawa giza.

"Kile kidude ukutani kinasumbua," shemeji akasema. "Nikiruke, tufanye kazi."

Kidude anachokisema ni kile kinachokata umeme unapovuja. Kinahesabu umeme unaokwenda na unaorudi. Ukipungua hata kwa miliampia 30, maana yake kuna mahali unapita pasipo pake, kinakata mara moja kabla hujapepesa jicho. Mahali hapo panaweza kuwa tope. Panaweza kuwa mtu. Mjumbe alikuwa amesimama katikati ya ua, suruali imekunjwa magotini, miguu mitupu, mkono mmoja uko majini unapapasa kama pampu inavuta. Usiku huo kidude hicho kilikuwa ndicho chenye akili kuliko sote, na mtu alitaka kukiruka.

Nilipaza sauti kwa namna ambayo mke wa mhasibu hatakiwi kupaza mbele ya viongozi. Mjumbe akatoka majini. Plagi ikatoka kwenye soketi. Ekstensheni ya shemeji nikaikata kwa panga, na tangu hapo hatujapatana vizuri. Tulipata nyingine, nzima, ya waya mnene, tukaifungua yote kutoka kwenye kigurudumu chake kwa sababu ikiwa imejikunja inapata moto, na sehemu inapokutana na waya wa pampu tukaining'iniza juu ya dirisha. Kuanzia usiku ule nina sharti moja lisilojadiliwa: akiingia mtu majini, plagi naishika mimi. Nasimama barazani nimeishikilia kama kamba ya ng'ombe, na hakuna kinachowaka mpaka wote wawe pakavu. Mwalimu anasema nimezidi. Mwalimu namheshimu, ila plagi simpi.

Tukafika mtaroni, maji yakaenda, ua ukaanza kuonekana. Kufikia saa kumi tulikuwa tunaona mawe ya kukanyagia. Mke wa Mjumbe akatupikia chai ya tangawizi, ya kweli, iliyokuwa inawasha koo. Nikaenda kulala, nikamwachia shemeji ulinzi, akiwa na kazi ya kuzima tu.

Akazima. Ila kabla ya hapo, kwa kuwa maji yalikuwa yanadondoka mtaroni kwa kishindo na yeye alitaka kusinzia, aliuzamisha mwisho wa mpira chini kabisa ya maji ya mtaro na kuukandamizia jiwe. Mtaro ule ulikuwa umefurika, kina chake kiko juu kuliko ua. Mpira umejaa maji, mdomo mmoja uko kwenye maji ya juu, mwingine kwenye maji ya chini, pampu imezimwa: maji hayahitaji fundi kujua pa kwenda. Yalirudi kimyakimya, kupitia humo humo. Tulipoamka, ua wa Mjumbe ulikuwa umejaa kuliko jana, na safari hii umechanganyika na vya mtaroni. Ungewekwa mdomo wa mpira juu ya maji, hata shibiri moja, lisingetokea. Au ile valvu ya kuzuia maji kurudi, ambayo bei yake ni ndogo kuliko sabuni iliyosombwa.

Shemeji alisema ni mvua za alfajiri.

Hapa naomba nitoke kwenye utani kidogo. Wakati wa mvua kuna watu wanatapisha vyoo vyao, wakijua mafuriko yatabeba. Ndiyo maana maji ya uani si maji tu, na ndiyo maana pampu iliyoshinda humo siizamishi kwenye kisima cha kunywa, hata mtu alie machozi. Pampu ya maji machafu iwe ya maji machafu. Na wale wenye pampu za petroli: ile injini isishushwe ndani ya kisima wala kuwashwa ndani ya nyumba. Moshi wake una hewa isiyo na harufu wala rangi inayoua, na visima vimeshachukua watu walioshuka kuangalia injini imezimikia nini, kisha wakachukuliwa waliowafuata kuwaokoa. Basi, turudi.

Pampu yangu ilirudi kutoka nyumba fulani ikiwa inaguna. Unaiwasha, inasema mmm, haizunguki. Fundi niliyemwita akaitegea sikio, akatikisa kichwa, akasema mota imekwisha, inabidi kusukwa upya, na akataja gharama ambayo ni karibu ya kununua nyingine. Nilimshukuru, nikampa nauli. Kisha nikachomoa plagi, nikachukua bisibisi, nikafungua chujio la chini. Ndani, kwenye ile feni inayosukuma maji ambayo mafundi wanaiita impela, palikuwa na nywele. Nywele za kubandika, ndefu, rangi ya zambarau iliyoiva, zimejisokota mpaka feni imeshindwa kujigeuza. Nilizikata kidogo kidogo kwa wembe. Nikaizungusha kwa kidole, ikazunguka. Nikaiwasha, ikaimba.

Mtaani kwetu nywele za rangi ile anavaa mtu mmoja tu. Sikumtaja siku ile na hapa simtaji. Alipita kesho yake amejifunga kilemba, akanisalimia kwa adabu isiyo ya kawaida, nami nikaitikia kwa adabu ile ile.

Kuguna huko kuna sababu nyingine mbili ninazozikuta mara kwa mara. Kama feni inazunguka kwa kidole lakini mota bado inaguna tu, mara nyingi ni kapasita, kile kikopo kidogo kinachoipa mota msukumo wa kuanzia. Ni kitu cha bei nafuu, ila akibadilishe anayekijua, kwa sababu kinaweza kuhifadhi umeme hata baada ya kuchomoa plagi na kikamtupa mtu. Na kama inaguna jioni tu, saa ambayo mtaa mzima unapiga pasi na kuchemsha maji, basi umeme wenyewe umepungua nguvu. Mota ikipata volti kidogo haivumilii kiungwana. Inavuta zaidi, inapata moto, inaungua. Izime, ungoje watu wamalize kupiga pasi.

Tena kuna ile ya pampu kuzunguka vizuri kabisa, sauti safi, na maji hayatoki. Hiyo ilimpa umaarufu kijana mmoja wa hapa, fundi viatu, ambaye hakuwa na nia yoyote. Watu walikuwa wameizunguka pampu kwa Mwalimu, wanajadili. Mmoja anasema sili, mwingine anasema feni imekatika, wa tatu anasema jini la Mama Genge. Kijana akapita na baiskeli, akateleza kwenye tope, akajishika kwenye kamba iliyoishikilia pampu. Pampu ikalala ubavu ndani ya maji, yakatoka mapovu makubwa matatu, maji yakaruka. Hewa ilikuwa imenasa ndani, feni inapiga hewa badala ya maji. Mtikiso wa kuilaza ndio dawa, ukishachomoa plagi. Hawakuwa wameichomoa, kwa hiyo namhesabu kijana yule katika watu wenye bahati. Tangu hapo ana kibao: "Fundi Viatu na Pampu za Kisasa." Wateja anao. Anachofanya ni kuzilaza, na mara nyingi inatosha.

Kilichobaki ni suala la kamba, na hapa ndipo ninapokosa uvumilivu. Pampu huteremshwa na kuvutwa kwa kamba iliyofungwa kwenye mpini. Waya wa umeme si kamba. Ukiivuta kwa waya, waya unalegea pale unapoingilia kwenye ganda, maji yanapenya hapo taratibu, na siku yakifika kwenye mota mtaniambia niliwapa pampu mbovu. Nilinunua manila nzuri, ya bluu, ya mita 12, nikaifunga mwenyewe kwa fundo ambalo halifunguki kwa bahati mbaya. Mtu alilifungua kwa makusudi. Pampu imerudi bila kamba, haijasuuzwa, tope limekauka kwenye chujio, na waya wake umefungwa mafundo kwa mkono wa mtu aliyekuwa na haraka.

Kwa hiyo kuanzia masika haya, anayekuja kuazima ataikuta pampu, ila masharti yamo kwenye karatasi iliyobandikwa getini, na mzee wangu ameambiwa asiongeze wala kupunguza. Irudishwe imesuuzwa kwa maji safi ikiwa inazunguka ndani ya ndoo. Floti isifungwe na kitu. Plagi ishikwe na mtu mmoja anayejulikana kwa jina. Na aliyechukua manila yangu ya bluu airudishe. Kama ni Mjumbe, airudishe usiku. Sitauliza ilikuwa imefungia nini.